Neno Baya Hukaa Mwisho

Kwetu Korbesa mtu hashuki kwenye lori na kusema papo hapo jambo lililomleta. Anakaa. Anapewa chai ya maziwa, kama maziwa yapo. Kisha anaulizwa, naye anaanza mwanzo: kuna amani. Hata kama amemzika ndugu yake asubuhi hiyo, ataanza na amani. Halafu mbingu: kama kuna wingu, limesimama upande gani. Halafu nyasi, maji, mifugo, na baada ya mifugo, watu. Lile lililomkimbiza njia yote hukaa mwisho, na msikilizaji hana ruhusa ya kuliharakisha. Utoaji huo wa habari kwa mpangilio tunauita oduu. Mtoto akikurupuka na neno baya kabla ya kufika kwenye mbingu huambiwa hana malezi. Mtu mzima akifanya hivyo watu hutazamana, kwa sababu anayeruka mpangilio kwa kawaida ana kitu anaficha.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonivunja, na mpaka leo sijaona wa kumlaumu. Ningempata wa kumlaumu ningelala vizuri zaidi.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kabla ya miaka ya shifta, vita vile vya kaskazini vilivyofuata uhuru. Katika miaka hiyo aliitwa mbele ya ofisa mmoja wa serikali akaulizwa kama amewaona watu wenye bunduki. Baba akajibu kama mtu mzima anavyojibu, kuanzia amani na mbingu, na kwenye sehemu ya watu akaeleza kwamba walipita, wakanywa maziwa kwa nguvu, wakaenda. Mkalimani alikuwa kijana wa mjini mwenye haraka zake. Akasikiliza yote, akageuka, akasema sentensi moja. Baba hakujua Kiingereza lakini alijua kuwa maneno yake hayawezi kuenea katika sentensi moja. Ng'ombe wake walichukuliwa wote, yeye akafungwa, na alipokuja kuachiliwa alikuwa mtu wa mbuzi wachache na punda. Kitu cha ajabu ni kwamba hakumchukia ofisa. Alimchukia mkalimani.

Basi akaamua kwamba mmoja wetu atatolewa kwa shule, naye atakuwa mdomo wa baba. "Sitaki daktari," alikuwa akisema. "Nataka mtu ambaye nikimpa neno hapa, linafika kule likiwa zima." Kura ikaniangukia mimi, si kwa akili bali kwa sababu nilikuwa na kifua kibovu, vumbi la malisho lilinikohoza. Ndugu zangu wakaenda na mbuzi. Mimi nikapandishwa lori juu ya magunia ya chumvi, kwenda sekondari Isiolo.

Kiingereza cha shule ile kwanza kilikuwa cha kumeza. Ulipewa ukurasa, ukaumeza, kesho yake ukautapika, na ukikosea neno fimbo ilikuwepo. Aliyesikika akisema Kiborana, Kisomali au Kiturkana alivishwa kipande cha mbao shingoni mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo tulinyamaza. Ukipita madarasani ungedhani ni shule ya mabubu. Kidato cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, na mimi mdomo wa baba nilikuwa siwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ile bila kutokwa jasho. Likizo nilimwambia baba kwamba naendelea vizuri. Aliniangalia, akasema, "Vizuri ni kama nini?"

Mwanzoni mwa kidato cha tatu akaja mwalimu mpya wa Kiingereza, mama kijana kutoka upande wa Meru. Tulimwita madam. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuwa na fimbo, jambo lililotufanya tumdharau kwa wiki nzima. Alikuwa amesoma chuoni habari za jinsi kichwa cha mtu kinavyoshika na kupoteza. Alitusomea hadithi fupi kuhusu moto, akatuomba tuisimulie. Kimya. Akasoma tena. Kimya. Akaketi juu ya meza yake akatutazama kwa huruma, na huruma ile ilituuma kuliko kiboko.

Jumamosi moja alikuja kununua maziwa kwa akina mama pale lori za Merti, njia ya kwetu, zilipokuwa zinasimama. Alinikuta nimechuchumaa na mtu mzima aliyetoka Biliqo, kijiji cha njia hiyo, akinipa habari za kwetu. Alipomaliza, wenzangu wa upande ule wakaja, nami nikawapa habari ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Madam alikuwa amesimama na kibuyu chake muda wote huo.

"Huyo mzee alikuwa anakuambia nini?" akaniuliza.

"Habari tu, madam."

"Habari ya saa nzima? Na wewe umeshika yote?"

Swali lilinishangaza. "Si amesema kwa laini yake, madam. Hiyo haiwezi potea."

"Laini gani?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinifanya nirudie mara kadhaa, akiuliza kwa nini mbingu kabla ya nyasi, na kwa nini ubaya mwisho. Nikamwambia nyasi inatoka kwa mbingu na ng'ombe anatoka kwa nyasi, kwa hiyo kila kitu kinavuta mwenzake. Na ubaya ukitangulia, msikilizaji hatasikia kitu kingine tena. Akasema polepole, "Kumbe nyinyi watu mko na kabati tayari. Mimi nilikuwa nawaletea nguo tu mshike mikononi."

Jumatatu alifuta ubao. Akaandika kwa Kiingereza, moja chini ya jingine: amani, mbingu, nyasi, maji, mifugo, watu, na chini kabisa akaacha nafasi tupu. Akasoma tena ile hadithi ya moto. Safari hii, kabla ya kusoma, alituuliza: hadithi hii mbingu yake ni nini? Maana yake, mambo yalisimamaje kabla ya kuharibika? Nyasi yake ni nini, yaani watu walikuwa wanategemea nini? Ni nani wako ndani? Na ubaya wenyewe ni upi, ule wa kukaa pale chini? Mikono ikainuka. Mturkana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake kwa lugha yoyote, alisimama akaisimulia hadithi yote kwa Kiingereza kilichochechemea lakini kilifika. Madam alijifanya anatafuta chaki chini ya meza. Alikuwa analia.

Tangu siku hiyo akatufundisha kwa njia hiyo. Maneno mapya tuliyapanga kama mifugo inavyopangwa jioni bomani: yenye maziwa huku, makavu huku, ndama peke yao. Kila neno lilikuwa na mahali pa kulala, na ukilihitaji ulijua ulitafute wapi. Kila sehemu ya oduu tulitengeneza pamoja sentensi zake za Kiingereza za kufungulia, tukazisema kwa sauti mpaka zikawa zetu. Alitutaka tufikiri kwa sauti kabla ya kuandika: nilikuwa wapi, sasa niko kwenye nyasi, bado sijafika kwa watu. Wameru wa darasa letu, ambao kwao habari hutolewa kwa njia nyingine, walitucheka mwanzoni. Baadaye wakaingia nao, maana waliona tunawaacha.

Sijui nitaielezaje furaha ile. Nilikuwa na kiu ya miaka miwili, nikapewa maji. Nilijisemesha Kiingereza njiani kutoka shule hadi mtaa wa Bulla Pesa, mpaka wauza miraa wakadhani nimechanganyikiwa.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne, baba aliniketisha nje ya nyumba akasema, "Nipe oduu kwa lugha yao." Nikampa. Hakujua neno hata moja, lakini alikuwa akitikisa kichwa kila nilipotua, na nilipotua mara ya pili akanyoosha kidole juu: mbingu. Nilipotua tena akagusa ardhi: nyasi. Alinifuata hivyo mpaka mwisho bila kukosea, mzee ambaye hajawahi kushika kalamu. Nilipofika kwenye nafasi ya ubaya nikasema kwa Kiingereza kwamba hakuna ubaya. Akauliza, "Hakuna?" Nikasema hakuna. Akanishika kisogo kwa mkono wake mkavu akauacha hapo kwa muda. Sikuwahi kupendwa vile kabla ya hapo, wala baada yake.

Mtihani ulikuja na insha: eleza tukio lililokuhuzunisha. Niliposoma nilitaka kucheka kwa sauti. Nilitupa jicho nikaona darasa zima limeinama, kalamu zinakimbia. Sisi tulikuwa watu wa matukio ya kuhuzunisha, tulikuwa nayo ya kugawa. Mimi niliandika kuhusu ng'ombe wa baba. Mwingine aliandika kuhusu dada yake aliyechukuliwa na mto, mwingine kuhusu babu. Kila mmoja alieleza kilio chake mwenyewe, na kila mmoja alikieleza kama mtu aliyelelewa: kulikuwa na amani, mbingu ilikuwa hivi, nyasi ilikuwa hivi. Tulitoka nje tukipigana mabegani.

Matokeo yalipokuja, kwenye safu ya Kiingereza hapakuwa na alama. Kulikuwa na mstari tu, mstari mmoja kwa kila jina, darasa zima. Mwalimu mkuu alisema yamezuiwa. Watahini walikuta karatasi za shule moja zote zimeanza sawa, zikaenda kwa hatua zile zile, zikaishia mahali pamoja, na sentensi za kufungulia ni zile zile. Wakaamua kwamba kulikuwa na insha moja iliyovuja tukaigawana. Bila Kiingereza cheti kilikuwa karatasi ya kufungia sukari.

Akatumwa mkaguzi kutuhoji. Tuliitwa kutoka tulikotawanyika, tukapanga mstari nje ya ofisi kwenye jua. Mimi nilikuwa wa kwanza. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo mwenye suti na mafua, anajipangusa pua kila wakati, si mkali. Akaniambia kwa Kiingereza, "Niambie kilichotokea."

Hapo ndipo kichwa changu kinaporudi kila siku. Mbele yangu alikaa mtu mkubwa, kama ofisa wa baba, na safari hii hapakuwa na mkalimani kati yetu. Nilikuwa mimi mwenyewe. Nikajiambia, leo neno litafika zima. Na mtu mkubwa humtupii neno baya usoni kama mfupa kwa mbwa. Nikasimama wima nikaanza kwa Kiingereza kizuri kuliko chote nilichowahi kusema: katika shule yetu kuna amani. Mbingu ilikuwa safi wakati wa mtihani, mawingu yalikuwa upande wa mlimani tu. Nyasi ilikuwa imeanza kukauka...

Alinyanyua macho. Akaiangalia karatasi yangu ya mtihani mezani, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyechoka, na kumgeukia mwalimu mkuu. "Unamsikia? Hata utetezi wamekariri."

Nilijaribu kusema hapana, nikajaribu kuruka mpaka mwisho, kwenye ubaya. Ulimi ukagoma. Mahali pa neno lile palikuwa chini ya mengine yote, na sikuweza kulifikia bila kupitia maji na mifugo. Yeye akaandika kitu kifupi. Nadhani ilikuwa sentensi moja.

Wenzangu waliingia mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaanza na amani. Kutoka nje tulisikia kicheko mara ya pili, halafu hatukukisikia tena. Mkaguzi alikuwa amekasirika sasa.

Madam alikwenda Nairobi kwa basi kuwaeleza. Aliporudi alitukuta tumekaa ukutani mwa shule, wale tuliokuwa hatujaondoka. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimewaambia ni desturi," alisema. "Wameniuliza hiyo desturi imeandikwa kitabu gani."

"Sasa itakuwa aje, madam?" mmoja wetu akauliza.

"Mimi wananihamisha. Nyinyi sijui." Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda wakati ule na silipendi hata sasa. "Afadhali ningewaacha mmeze tu kama wengine. Mngeanguka, lakini mngeanguka kila mtu kivyake."

Aliondoka wiki ile ile. Sikumwona tena. Sikuwahi kumkasirikia, na ningetamani angejua hivyo.

Nilikawia Isiolo kadiri nilivyoweza, nikipakua magunia kwa posho, kwa sababu sikutaka kwenda Korbesa. Lakini mwaka ule mvua ilikataa kabisa, lori zikapungua, na nikaona nisipopanda lililopo sitapanda jingine. Njia nzima tulipita mizoga. Ng'ombe walikuwa wamelala kwa makundi karibu na mahali palipokuwa na maji, na dereva hakuwa akipiga honi tena maana hakukuwa na mnyama wa kupisha.

Baba alikuwa amekaa pale pale nje ya nyumba. Alikuwa amekonda. Tukapeana salaam aleikum, mama akaleta chai ya rangi, akaomba radhi kwa kukosa maziwa. Nikakaa. Baba akaniuliza, nami nikaanza.

Kuna amani, nilisema. Mbingu nimeiona tupu kutoka Isiolo hadi hapa. Nyasi hakuna. Maji yako mahali fulani na fulani tu. Mifugo nimeiona imekufa hapa na hapa. Baba alikuwa akitikisa kichwa kila nilipotua, kama siku ile. Nikataja watu, nani nimemwona, nani mgonjwa. Halafu nikafika chini kabisa, nikaliweka neno langu pale linapokaa. Nikasema yote: insha, watahini, mkaguzi, na sababu waliyoitoa. Sikuficha hata kidogo. Nilikuwa na tumaini moja tu lililobaki duniani, kwamba huyu mtu, kati ya watu wote, ataelewa.

Baba akaweka kikombe chake chini.

"Wamekuadhibu kwa kuwa umetoa oduu vizuri," akasema.

"Ndiyo, Aba."

"Kwa mpangilio wake. Amani kwanza."

"Ndiyo."

"Nimeishi miaka hii yote," baba alisema, "nimeona mtu akipigwa kwa sababu maneno yake yamepindwa. Mtu akipigwa kwa sababu ameyasema sawasawa, hilo sijaliona. Hakuna nchi inayofanya hivyo." Sauti yake haikupanda. "Sema ukweli. Mliiba."

Nikaapa. Niliapa kwa kila kitu mtu anachoweza kuapia. Mama akaanza kulia. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni, kisha akainuka akaenda kuwatazama mbuzi waliobaki. Nilielewa alichokuwa anafanya na bado sikuweza kumpinga. Angekubali maneno yangu, ingebidi akubali pia kwamba duniani hakuna namna ya kusema inayomsaidia mtu kama yeye. Mwana mwizi ulikuwa msiba mdogo zaidi.

Nilirudi mjini. Nikapata kazi ya kuzungukazunguka soko la mifugo, nikiunganisha wauzaji na wanunuzi, na nikapanga chumba Bulla Pesa. Kwenda Korbesa sikuacha. Kila nilipofika baba alinipokea vizuri. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza habari ya kifua changu. Lakini oduu hakuniuliza tena. Kama tulishuka watu kadhaa kwenye lori moja, alimwita mwingine, akamketisha, akamwuliza mbingu na nyasi za njia ambayo mimi nimeipita kwa macho yangu. Kijana wa kupakia mizigo aliulizwa. Mlevi aliulizwa. Mimi niliketi pembeni na kikombe changu.

Mara ya mwisho alikuwa tayari hawezi kuketi bila kuegemezwa. Nilifika na mchuuzi mmoja wa mjini, mtu wa chumvi na majani ya chai, aliyejua Kiborana cha sokoni tu. Baba akamwuliza. Yule bwana akasema kuna amani, akaruka mbingu, akataja bei ya sukari, akarudi kwenye maji, akakosea jina la kisima. Mvua ilikuwa imenyesha ile njia. Nilikuwa nimeiona mwenyewe, majani mabichi kutoka Biliqo hadi tulipo, kitu ambacho mzee angefurahi kukisikia kabla ya kufa, na yule mtu alikisahau.

Baba alikuwa akitikisa kichwa kwenye kila kituo, akisubiri. Nikamtazama mchuuzi, nikamtazama baba; mimi sikuwa nimeulizwa. Kidole chake kilikuwa kimegusa ardhi, mahali pa nyasi, kikabaki pale.